Kwadi ya mkanda inateleza mlimani tangu ibadilishwe oili: kosa ni la oili au la kitu kingine?

#1 MamaParachichi

Wakuu, salamu. Nasimamia shamba la parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe, na pikipiki yetu ya magurudumu manne, ambayo hapa shambani wote tunaiita kwadi, ndiyo inayovuta tela la kreti kutoka bondeni hadi barabarani. Ni ya Kijapani, cc 400, inatumia kabureta, na haina gia za mguu bali mkanda. Ilipofika zamu ya kumwaga oili, duka la spea lilikuwa na makopo machache tu ya oili ya pikipiki, tena yamefifia maandishi. Kijana wa gereji akanishauri nichukue galoni ya oili ya gari la petroli, 5W-30 yenye alama ya API SN (kiwango cha Kimarekani cha ubora wa oili), akisema kwamba mashine ya mkanda haina klachi ya kuharibika. Tangu hapo, nikifika katikati ya mlima tela likiwa na mzigo, injini inapandisha mlio lakini magurudumu hayaongezi mwendo. Kwenye tambarare inakwenda vizuri kabisa.

Naomba kujua kama oili ya gari inaweza kuleta hali hii kwenye mashine ya mkanda, na ni oili ipi hasa inayofaa kwa baridi ya huku. Kitabu cha mashine hatuna, kwa sababu tuliinunua ikiwa imeshatumika.

#2 FundiNgaramtoni

Dada, chanzo ni oili hiyo hiyo. Oili nyingi nyepesi za magari ya petroli, hasa za 5W-30 na 0W-20, huwekwa viungio vya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Kwenye gari hakuna tabu, kwa kuwa klachi yake ni kavu na iko mbali na oili ya injini. Kwenye pikipiki na kwadi nyingi klachi inaoga kwenye oili ile ile inayolainisha pistoni, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiipa oili iliyotengenezwa ili iteleze, nayo itateleza, na utaiona kwanza mlimani na kwenye mzigo. Mwaga yote, badilisha na filta, kisha weka oili yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Ukiendesha kidogo na kumwaga tena, klachi hurudi kushika, mradi haijaungua.

#3 Spana17

Napingana na fundi kwa heshima. Mwanzisha uzi amesema mashine ni ya mkanda. Mkanda na puli zake hukaa ndani ya kasha kavu lenye mfereji wake wa hewa, na oili ya injini haifiki humo. Polaris na Can-Am zimejengwa hivyo: puli ya mbele yenyewe ndiyo inayoubana mkanda injini inapopandisha kasi, na giaboksi ina oili yake ya pekee. Kwenye mashine ya namna hiyo unaweza kuweka oili yoyote ya uzito sahihi na klachi isijue. Injini kupandisha mlio bila mwendo kuongezeka ni dalili ya mkanda uliolowa maji, uliochakaa, au puli zilizopata grisi. Dada, je, kwadi hiyo inavuka maji? Inaoshwa kwa mashine ya presha?

#4 Kipimo

Maelezo ya #3 ni sahihi kwa Polaris na Can-Am, lakini si kwa kila mashine ya mkanda, na hapo ndipo wengi wanapopotea dukani. Kwadi za Yamaha kama Grizzly zina mkanda mkavu, lakini kati ya injini na mkanda kuna klachi ya viatu vinavyotanuka kwa mzunguko, na klachi hiyo imo ndani ya oili ya injini. Suzuki KingQuad nayo ina mpangilio wa aina hiyo. Mkanda unakuwa umekazwa muda wote, na kazi ya kushika na kuachia inafanywa na klachi ya oili. Kwa hiyo kijana wa gereji alisema neno lililo kweli kwa kampuni moja akalitumia kwa nyingine.

Swali la kwanza la mtu anayechagua oili ya kwadi si baridi wala joto, bali ni hili: je, oili hii itagusa klachi, na je, itazunguka pia kwenye gia? Ukishajua hilo, nusu ya makopo yaliyo dukani yanajiondoa yenyewe.

#5 MamaParachichi

Asanteni. Nimeangalia galoni. Nyuma kuna duara la API, na upande wa chini wa duara kuna maneno ya Kiingereza yanayosema "Resource Conserving". Kuhusu maji, Spana17 umelenga: bondeni kuna kijito ambacho kwadi inakivuka kila safari, na mvua za karibuni zimekiongeza kimo. Sasa nina sababu mbili badala ya moja.

#6 FundiNgaramtoni

Maneno hayo ya chini ya duara, yaani oili ya kubana mafuta, yanatosha. Honda wenyewe kwenye vitabu vyao vya pikipiki wanataka oili ya API SG au zaidi, lakini wanazikataza zilizoandikwa kwenye duara hilo kwamba zinabana matumizi ya mafuta, na wanataka JASO T903 MA. Kiwango hicho cha JASO kilianzishwa Japani mwaka 1998 kwa sababu oili za magari zilikuwa zimeanza kubadilika na pikipiki zikaanza kuteleza klachi. Wanaipima oili kwenye klachi halisi: inavyoshika ikiwa inazunguka, inavyoshika ikiwa imesimama, na muda inaochukua kusimamisha mzunguko. Inayoshika vizuri inapewa MA, na tangu 2006 MA imegawanywa kuwa MA1 na MA2, ambapo MA2 ndiyo yenye kushika zaidi. MB ni ya msuguano mdogo, nayo inafaa skuta zenye klachi kavu.

#7 PajeMchangani

Assalaam aleikum. Mimi niko Unguja, upande wa mashariki, tunatembeza wageni kwa kwadi vijijini na kwenye njia za mawe ya matumbawe. Zetu ni za Kichina, za cc 150 na cc 250, zinazopozwa kwa hewa. Tunatumia 20W-50 ya kawaida isiyo sintetiki yenye JASO MA na tunaimwaga mapema. Sababu ni moja: msafara unakwenda polepole, injini inafanya kazi, upepo wa kupoza haupo, na jua la Januari halina huruma. Oili nyepesi tulipojaribu, taa ya joto ilikuwa haizimiki na injini zilianza kugonga. Dada, tela la kreti mlimani nalo ni mwendo wa polepole wenye kazi kubwa. Ningekushauri 20W-50.

#8 BaridiYaMakete

20W-50 Njombe? Mwezi wa Juni na Julai huku asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa jalidi. Injini itazunguka kwa shida na betri itakufa. Huku ni 5W au usiwashe kabisa.

#9 Kipimo

Nyote wawili mnasema jambo lenye ukweli ndani yake, ila namba zinasomwa vibaya. Namba iliyo mbele ya W ni ya baridi. Kwa kipimo cha SAE J300, oili ya 10W hujaribiwa kama inaruhusu injini kuzungushwa kwenye nyuzi joto 25 chini ya sifuri, ya 15W kwenye 20 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Jalidi la Makete na Njombe haliko karibu na huko. Kwa hiyo 10W inatosha kabisa, 15W inatosha, na hata 20W itawasha, ingawa asubuhi itakuwa nzito na itachelewa kufika juu kwenye kemshafti. 5W haina dhambi, lakini baridi ya huku haiilazimishi.

Namba ya nyuma hupimwa kwenye nyuzi joto 100, ambako oili ya 30 huwa na mnato wa sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5, ya 40 huwa 12.5 hadi chini ya 16.3, na ya 50 huwa 16.3 hadi chini ya 21.9. Wapo wanaodhani 10W-40 inakuwa nzito ikipata moto. Hapana, kila oili hulegea ikipata moto. Hii inalegea kidogo kuliko ambavyo oili ya 10 ingelegea. PajeMchangani anatumia 50 kwa sababu oili yake inapata moto kuliko kawaida, na kwa injini ya kupozwa kwa hewa yuko sawa. Dada, mashine yako ina rejeta? Kama inayo, 10W-40 ndiyo ningeiweka.

#10 MamaParachichi

Ndiyo, ina rejeta na feni.

#11 MlinziLaikipia

Hamjambo. Niko kwenye hifadhi ya wanyama huko Laikipia, na tunatumia kwadi za Honda zenye gia za kukanyaga kufuatilia ua na mifugo. Kwa miaka yote tumeziwekea oili ya dizeli ya 15W-40, API CI-4, ile ile tunayoweka kwenye Land Cruiser na jenereta. Klachi hazijawahi kuteleza, na klachi za Honda hizo zimo ndani ya oili. Oili ya dizeli haina viungio vile vya kubana mafuta, ina sabuni nyingi ya kushika uchafu, na ina zinki ya kutosha kulinda kemu na gia. Kuwa na pipa moja la oili kwa kambi nzima kunazuia kijana kuchanganya makopo gizani. Sioni sababu ya mtu wa shamba kulipa bei ya kopo lenye picha ya pikipiki.

#12 FundiNgaramtoni

Ndugu wa Laikipia, sikatai uliyoyaona, na wapo mafundi wengi wanaofanya hivyo. Tatizo ni kwamba "oili ya dizeli" si kitu kimoja. Zipo oili za dizeli za 15W-40 ambazo mtengenezaji amezipima na kuandika JASO MA mgongoni. Hizo weka bila wasiwasi. Zipo zisizoandikwa, ambazo huenda zinashika na huenda hazishiki, na hakuna aliyezipima kwenye klachi. Zipo pia 10W-30 mpya za malori zinazotafuta kubana mafuta kama zile za magari madogo. Anayesoma uzi huu akiwa Tunduma au Kitale asiondoke na neno "dizeli" peke yake.

#13 MlinziLaikipia

Nimeenda stoo kuangalia. Pipa letu halina JASO. Bado nasema kwamba gia na klachi zilizofanya kazi kwenye vumbi la huku muda wote huo nazo ni kipimo.

#14 Kipimo

Ni kipimo cha pipa lile na mashine zile. Kuhusu zinki una hoja. Viungio vya zinki na fosforasi ndivyo vinavyolinda chuma kinaposuguana na chuma bila oili ya kutosha katikati. JASO wanataka fosforasi iwe kati ya asilimia 0.08 na 0.12 ya uzito wa oili, wakati API SN kwa madaraja mepesi kama 5W-30 imeweka dari ya 0.08, kwa sababu fosforasi huharibu kifaa cha kusafisha moshi cha gari. Yaani kopo la 5W-30 SN linaishia pale ambapo oili ya pikipiki inaanzia. Hata kama klachi ya dada isingeteleza, gia zake zingedai ulinzi zaidi.

#15 BarIdiya_Oman

Assalaam aleikum wote. Niko Bidiya, kwenye ukingo wa mchanga wa Sharqiya. Jambo ambalo halijaguswa ni gia kukatakata oili. Oili ya 10W-40 huundwa kwa oili nyepesi iliyotiwa nyuzi ndefu za kemikali zinazoizuia isilegee kwenye moto. Meno ya gia huzikata nyuzi hizo. Baada ya muda oili iliyoingia ikiwa 40 inakuwa na mnato wa 30, ingawa rangi yake bado inapendeza. Kwa hiyo huku tunahesabu saa za injini, si kilomita, kwa sababu kwadi inaweza kunguruma mchana kutwa kwenye tuta moja la mchanga na mita ya kilomita isisogee. Vitabu vingi vinataka oili ya kwanza ya mashine mpya imwagwe mapema, kwenye saa 20 au 25, kisha karibu kila saa 100. Kwenye mchanga na joto la huku hatufiki nusu ya hiyo. Oili ya sintetiki halisi hustahimili zaidi kwa sababu haitegemei sana nyuzi hizo.

#16 PajeMchangani

Ndugu wa Bidiya, nakuunga mkono kwenye saa, lakini kabla ya sintetiki mtu aangalie filta ya hewa. Vumbi la matumbawe ni laini kama unga wa ngano, linapita kwenye sponji kavu bila kizuizi. Sponji ifuliwe kwa sabuni, ikauke kabisa, ilowekwe oili ya sponji na kukamuliwa, halafu mdomo wake upakwe grisi pale unapokaa kwenye kasha. Ukifungua kasha na kukuta vumbi upande wa ndani wa sponji, ujue ringi zako zimeshaanza kusagwa na hakuna oili ya bei yoyote itakayozirudisha.

#17 KaburetaMbeya

Naona mmeongea oili na mkanda, mmeacha petroli. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kabureta iliyosetiwa kiwandani kwa hewa ya pwani, ikifika huko inatia petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana. Petroli isiyoungua inashuka kando ya ringi na kuchanganyika na oili. Zaidi ya hapo, pini ya boya kwenye kabureta iliyochakaa ikiachwa na koki wazi usiku kucha, petroli huteremka hadi kwenye injini. Oili inalegea, na klachi nayo inaoga humo. Dada, toa kijiti cha kupimia oili asubuhi kabla ya kuwasha, ukinuse, halafu uangalie kimo.

#18 MamaParachichi

Nimefanya kama ulivyosema. Kuna harufu ya petroli, si kali, lakini ipo. Kimo kiko juu ya alama ya mwisho kwa upana wa kidole. Nilikuwa nimeweka kwa kupima vizuri.

#19 Kipimo

Ulipima kijiti kikiwa kimekazwa au kimekaa tu?

#20 MamaParachichi

Kijana wa gereji alipima kikiwa kimekazwa. Leo mimi nimekichomeka bila kukaza.

#21 Kipimo

Basi tuweke jambo hili sawa, maana linapotosha watu wengi. Kwenye kwadi nyingi za Kijapani kijiti hupimwa kwa kukichomeka mpaka kifuniko kiguse mdomo wa tundu, bila kuzungusha uzi wake. Ukikikaza kinashuka chini zaidi, kwa hiyo kinaonyesha oili nyingi kuliko ilivyo, na mtu anaishia kuweka pungufu. Kwako ni kinyume: alipokaza akaona sawa, maana yake oili ilikuwa kidogo, na leo bila kukaza ungetegemea kuona chini ya alama. Umeona juu. Kitu kimeongezeka humo ndani, na kama si petroli ni maji ya kijito. Oili yenye maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Yako ina rangi gani?

#22 MamaParachichi

Nyeusi kidogo, angavu, haina umaziwa hata chini ya kifuniko.

#23 KaburetaMbeya

Basi ni petroli, na nashikilia hapo. Hata ukiweka MA2 leo, bila kutengeneza pini na kubadili jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, italegea tena.

#24 FundiNgaramtoni

Ni petroli na oili mbaya kwa pamoja. Petroli peke yake kwa kiwango cha harufu hafifu haiachi klachi iteleze kwa namna iliyoelezwa kwenye #1. Kumbukeni tatizo lilianza siku ya kubadilisha oili. Kabureta haikuguswa siku hiyo.

#25 Spana17

Wala mvua hazikuwa zimeanza kabla ya siku hiyo. Kijito kimepanda kimo kipindi kile kile oili ilipobadilishwa. Mkuu, mambo matatu yametokea karibu wakati mmoja, na ninyi mmechagua lile mnalolijua zaidi. Kasha la mkanda lina bomba la kutolea hewa na kizibo cha kumwagia maji upande wa chini. Hakuna aliyemwambia dada akifungue kizibo hicho aone kama yatatoka maji.

#26 Edmonton_Mswahili

Salamu kutoka Alberta, Kanada. Kwa faida ya wanaosoma: huku tunavuta kuni kwa kwadi kwenye baridi ya 30 chini ya sifuri, na hapo ndipo namba ya W inapokuwa na uzito, kwa sababu oili ya 10W haikupimwa kuzungusha injini kwenye baridi hiyo. Tunaweka 0W-40 au 5W-40 ya sintetiki, na wenye Polaris wanatumia 5W-50 inayotajwa na kampuni yenyewe. Kwa Njombe nakubaliana na #9. Kulipia 0W huko ni kulipia baridi msiyokuwa nayo.

#27 Tukio2T

Naomba kuuliza kando kidogo. Nina kwadi ya zamani ya tu-stroki. JASO MA inanihusu?

#28 Kipimo

Kwenye injini, hapana. Oili inayochanganywa na petroli ya tu-stroki ina kiwango chake, JASO FB, FC au FD, na FD ndiyo inayoacha masizi machache zaidi. Lakini giaboksi yako ina oili yake pembeni na klachi imo humo, kwa hiyo huko JASO MA inakuhusu. Usiweke oili nzito ya difu ukidhani gia zote ni sawa. Oili ya gia iliyoandikwa 90 ina mnato wa sentistoki 13.5 hadi chini ya 18.5 kwenye nyuzi joto 100, yaani karibu na oili ya injini ya 40 au 50, kwa sababu namba zake ni za kipimo kingine. Tatizo lake si uzito. Viungio vyake vimekusudiwa difu, si klachi.

#29 DukaLaSpea_Iringa

Niongeze neno kama muuzaji. Dada aliyakwepa makopo ya oili ya pikipiki kwa sababu maandishi yalikuwa yamefifia, na alifanya vyema. Oili iliyokwishatumika huchujwa, hutiwa rangi na kurudishwa kwenye makopo yaliyookotwa. Angalia pete ya kifuniko kama imeungana, karatasi ya muhuri chini ya kifuniko, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na namba ya toleo kama inafanana kwenye kopo na kwenye boksi lake. Kwa JASO, kopo halisi lina kisanduku kidogo chenye herufi MA au MA2 pamoja na namba ya usajili, na orodha ya oili zilizosajiliwa iko wazi mtandaoni. Maneno "yafaa kwa pikipiki" bila kisanduku hicho hayathibitishi kitu.

#30 FundiNgaramtoni

Umesema vyema. Dada, utakapomwaga, kinga oili kwenye beseni jeupe safi, uiache itulie. Halafu toa filta, uikate kasha lake kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno unaacha chembe zake mwenyewe. Tandaza karatasi ya filta juani. Chembe nyeusi laini kama nyuzi ni kitambaa cha klachi. Vipande vinavyong'aa rangi ya fedha ni alumini, vya njano ni shaba ya bushi. Kwenye sumaku ya boliti ya kutolea oili, ute wa kijivu ni wa kawaida. Magamba si ya kawaida.

#31 MamaParachichi

Nimerudi na majibu. Nimemwaga ikiwa ya vuguvugu. Iliyotoka ni nyingi kuliko iliyowekwa, na nyepesi sana kwenye vidole. Sumaku ina ute wa kijivu tu. Kwenye filta, katikati ya mikunjo ya karatasi, kuna nyuzi nyeusi. Si nyingi, ila zinaonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Nimefungua pia kizibo cha kasha la mkanda kama alivyosema Spana17, yakatoka maji ya kujaza kifuniko cha chupa.

#32 Spana17

Maji hayo yanatosha kabisa kuufanya mkanda uteleze kwenye mzigo.

#33 FundiNgaramtoni

Na nyuzi hizo ni klachi iliyoteleza.

#34 KaburetaMbeya

Na oili iliyozidi ni petroli. Jeti iangaliwe.

#35 MlinziLaikipia

Dada, ukiweka oili mpya, ukakausha mkanda na kutengeneza kabureta siku moja, kwadi itapona, lakini uzi huu hautajua kipi kilikuwa kipi. Kausha kasha la mkanda kwanza, upande mlima kwa mzigo, ndipo uendelee.

#36 Kipimo

Hapo sikubali. Oili ya zamani imeshatoka, na kuirudisha yenye petroli kwa ajili ya majaribio ni kuhatarisha bushi za injini. Aweke mpya.

#37 MamaParachichi

Nawashukuru. Nimepata 10W-40 yenye kisanduku cha MA2 mjini, nimeiweka kwa kupima bila kukaza kijiti, na filta ni mpya. Koki ya petroli sasa inafungwa kila jioni, na kabureta itafunguliwa fundi atakapofika na jeti ndogo zaidi. Kasha la mkanda nimelikausha na kizibo kimerudishwa. Mavuno yako mtini, kwa hiyo sikuweza kusubiri jaribio la ndugu wa Laikipia. Leo imepanda na nusu mzigo bila kuteleza. Kesho tunaweka kreti zote.

#38 Spana17

Nusu mzigo haijibu. Ukishavuka kijito na tela limejaa, tuandikie imepandaje.